Sekunde Nilizokupunguzia

Kaka yangu mpendwa,

Nakusalimu kwa heshima zote za mdogo kwa mkubwa wake. Natumaini barua hii itakukuta umeketi, maana nasikia kulala bado kunakusumbua kwa ajili ya huo mtulinga uliovunjika. Bega linaendeleaje? Shangazi aliniambia kwenye simu kwamba sasa unaweza kushika kikombe kwa mkono wa kulia ila kukiinua bado, na kwamba unamlalamikia kila kitu kana kwamba yeye ndiye aliyekuvunja. Mvumilie. Huyo ni dada wa baba, na nyumba ni yake.

Sisi huku hatujambo. Mama anakusalimu sana. Magoti yanambana asubuhi, lakini yakishapata joto anaizunguka nyumba nzima akitafuta la kukosoa, na analipata. Mimi nipo kazini kulekule, kwenye chumba cha kufulia cha hoteli. Ile mashine ya kupigia pasi mashuka iliyokuwa imekufa imetengenezwa, kwa hiyo siku zimerudi urefu wake wa zamani.

Barua yako nimeipata na nimeisoma mara tatu. Unataka Jumamosi ijayo nije mbele ya kamati ya chama chenu cha madereva, nije na daftari la muda, nisimame shahidi na kutia saini kwamba kila namba iliyomo niliipima kwa mkono wangu. Unasema daftari hilo ndilo litakalommaliza Makanika, asiguse tena gari la mwanachama yeyote. Nitakujibu. Lakini nina ya kusema kwanza, na naomba uyasome mpaka mwisho bila kuirusha barua ukutani, hasa kwa kuwa mkono wako wa kurushia ndio huo mbovu.

Wifi alipoondoka na masanduku yake mawili, ulikaa miezi mitano ukitoka kazini na kuingia chumbani. Wewe, mtengeneza meno bandia unayejulikana kwa kupima jino kwa unene wa unywele, ukaanza kurudishiwa meno yasiyokaa mdomoni. Mama akasema tukutafutie kitu cha kukutoa ndani. Ndipo jirani wa gari jekundu akakupeleka kwenye kile kiwanja cha zamani cha ndege, ambako watu wazima wenye kazi zao na watoto wao hushindana na saa kila Jumamosi, wakizunguka kati ya koni na marundo ya matairi, halafu wanarudi nyumbani na furaha na vumbi masikioni. Ukanunua kile kigari cheupe cha milango miwili, ukang'oa viti vya nyuma, ukaniomba nije nikupimie muda siku moja tu. Siku moja hiyo ilikula miaka miwili.

Sijui kama uliwahi kufikiri kwamba Jumamosi ilikuwa siku yangu pekee ya mapumziko. Siku tano nasimama kwenye mvuke, ya sita nasimama juani na saa ya kubonyeza shingoni, ya saba nafua za nyumbani. Starehe yako ilikuwa zamu yangu ya ziada. Na chama chenu kina ile desturi ya kuaminiana, kila dereva na mpimaji wake, na alichoandika mpimaji hakiulizwi. Kwa hiyo sikuweza hata kuumwa. Niliwahi kuja na homa, ukaniambia nisimame kivulini ila nisiukose mstari.

Jumamosi zingekutosha ningenyamaza. Lakini Jumatano zikawa za sinema, na sinema zikawa za magari tu. Nakumbuka ulivyokuwa ukilalia upande kila gari la kwenye pazia lilipokata kona, mpaka yule mama wa kiti cha pili akahama na pochi yake. Tukifika nyumbani unaniwekea filamu nyingine, unaisimamisha, unairudisha nyuma, unanieleza dereva alikosea wapi. Dereva ni mwigizaji, kaka. Alikosea alipoambiwa akosee. Ile filamu niliyoazima mimi, ya mjane aliyejifunza kuogelea, ilikaa juu ya kabati mwaka mzima.

Halafu yakaja mazoezi, kwa sababu ulisoma mahali kwamba dereva mzito hupoteza muda. Jimu alfajiri, kamba sebuleni jioni, taa moja ya dari ikaenda na maji. Mimi nikakushikia miguu ukikunja tumbo, nikahesabu. Ulianza kunywa chai umevaa helmeti iliyoning'inizwa mfuko wa mchanga, eti shingo ikomae, na Mama alipokukuta hivyo asubuhi ya kwanza alipiga yowe lililomtoa jirani na panga. Siku ile sote watatu tulicheka hadi tukaishiwa mbavu. Sitaki nikudhulumu: siku za kucheka zilikuwepo.

Ila kadiri namba zilivyoshuka ndivyo wewe ulivyopanda. Mzunguko wa dakika moja na sekunde hamsini na mbili ukawa hamsini, ukawa arobaini na saba. Ukaacha kusalimia watu, ukawa unawapa mashauri. Ukamfundisha jirani wa gari jekundu namna ya kushika usukani, mtu aliyekuonyesha njia ya kiwanjani. Mahali ulipokuwa ukisema asante kwa Makanika, ambaye alikuwa akikukagulia gari kila Ijumaa kabla ya kufunga gereji, ukawa unasema hebu harakisha.

Nifike sasa kwenye ile Jumamosi ya chakula cha mchana pale kibandani kwenu. Mgeni mmoja alikuuliza mimi ni nani. Labda umesahau. Ulijibu, mdomo umejaa, kwamba huyu ni wa kubonyeza saa tu, na kwamba bila wewe kumtoa nje angeozea nyumbani na mashuka yake, maana hana mume wala hana mchezo. Meza nzima ikacheka. Makanika hakucheka, alisimama akaenda kuosha mikono iliyokuwa safi. Maneno yako yalinikata maini, kaka, na nilikaa pale nikatabasamu, nikakusogezea chumvi ulipoiomba.

Alasiri ileile ulikimbia mzunguko ambao daftari linasema ni dakika moja na sekunde arobaini na tatu. Unakumbuka ulivyoruka. Chama kilikuwa kimeweka sharti kwamba asiyefika arobaini na tano hataingia kwenye mashindano makubwa, na wewe ulikuwa umepita kwa sekunde mbili nzima. Ulinibeba juujuu mbele ya wale wale waliocheka.

Siku ya mashindano walikodi mitambo ya kupima, namba zikawa zinawaka kwenye ubao mkubwa kila mtu azione. Yako ikawaka dakika moja, hamsini na mbili. Ulitoka ukasema mtambo ni mbovu. Ukaingia tena, hamsini na mbili. Hapo ukamgeukia Makanika mbele ya watu, ukasema gari lililokuwa likikimbia arobaini na tatu haliwezi kudorora sekunde tisa ila limeharibiwa. Yeye akakagua, akasema gari halina ugonjwa wowote. Ukamwita mwongo. Ukaingia mara ya tatu, ukaifuata ile kona ya mwisho kwa mwendo ambao hukuwahi kuipita nao, na matairi ya kwenye rundo ndiyo yaliyokupokea. Ulipotolewa, kabla hata ya kuulizia bega, ulisema breki.

Tangu siku ile chama kimebandika karatasi kwenye geti, kwamba mpaka kamati ikate shauri, gari lililopitia mikononi mwa Makanika haliruhusiwi kuingia kiwanjani. Waliokuwa wakipanga foleni Ijumaa sasa wanapita upande wa pili wa barabara. Miaka ishirini na sita ya kazi, na watu wanamsimulia kama mtu aliyetaka kuua.

Sasa nikujibu, kaka. Daftari hilo ni la uongo.

Siku ya kwanza ya uongo huo ilikuwa bahati mbaya. Vumbi liliniingia puani, nikapiga chafya, nikachelewa kuibonyeza saa ulipoondoka, na muda ukatoka pungufu sekunde mbili. Nilikuwa nikifungua mdomo nikueleze, ukaona namba, ukacheka. Ulikuwa hujacheka tangu wifi aondoke. Nikafunga mdomo. Jumamosi iliyofuata nilipima sawasawa, nikaandika pungufu. Nikaendelea hivyo, nusu sekunde hapa, sekunde pale, nikikuvika kilemba cha ukoka na kukisifia namna kilivyokukaa. Baada ya chafya ile, saa ilisema kweli kila siku. Mkono wangu ndio uliodanganya.

Ningeweza kuishia hapo, ukasema mdogo wangu alinionea huruma, tukalia, yakaisha. Sitaki. Ile arobaini na tatu haikuwa ya huruma. Nilikaa pale juani, kicheko cha meza yenu bado kinanilia masikioni, na nililijua sharti la chama, na nilijua kwamba mashindanoni kutakuwa na mitambo isiyo na dada. Nikaandika namba ya kukuingiza. Nilitaka uaibike mbele yao kama nilivyoaibika mimi. Sikutaka uumie, kuhusu mfupa nakuomba radhi kwa magoti yote mawili. Kuhusu aibu bado sijaweza kukuomba radhi, na nimejaribu.

Lakini Makanika hakunicheka, na ndiye aliyelipa. Ulipomnyooshea kidole mimi nilikuwa hatua nne kutoka kwako, daftari kwapani, na nilinyamaza. Nimenyamaza wiki saba. Usianze kutafuta mapenzi hapa, najua akili yako inavyokimbia. Yule ana mke wake na wajukuu. Ni mtu tu aliyefanya kazi yake vizuri, tukamfanya mbuzi wa kafara, wewe kwa kiburi na mimi kwa woga.

Juzi nilipata ruhusa kazini nikaenda gerejini kwake. Nilimkuta amekaa juu ya tairi, anasafisha spana ambazo hazikuwa chafu. Nikamwambia yote, nimesimama, maana hakunikaribisha kiti. Alisikiliza. Kisha akaniambia kwamba alijua tangu mwezi wa tatu, kwamba mtu aliyeshika injini za watu maisha yake yote anajua gari linakwenda kasi gani kwa kulisikia tu. Nikamuuliza kwa nini basi hakujitetea. Akasema ni nani angemwamini mwenye mikono ya grisi mbele ya daftari lililopigwa mistari kwa rula. Nikamwomba msamaha. Akasema msamaha atauangalia baadaye, kwa sasa anataka ile karatasi itoke kwenye geti, na akaniomba niondoke kabla mkewe hajarudi, kwa sababu mkewe hana subira kama yake. Nilitembea hadi nyumbani. Sikuweza kupanda gari la mtu yeyote.

Kwa hiyo Jumamosi nitakuja, kaka, na nitasimama ulipotaka nisimame. Nitakuja na daftari, na nitakuja na bahasha ya vile vikaratasi vyetu vya kazini vya kufungwa kwenye nguo za wageni, ambavyo nyuma yake niliandika muda wa kweli kila nilipofika nyumbani. Sijui kwa nini niliviandika. Pengine mtu akidanganya vile hutaka kuwe na mahali pamoja ambapo hajadanganya. Nitavisoma vyote kwa sauti, nitaeleza na ile siku ya chumvi, na watakaotaka kucheka wacheke. Ukipenda kuja uje, ukipenda kubaki kwa Shangazi ubaki. Ukiiandikia kamati mapema kwamba unaondoa mashtaka, utakuwa umejisitiri wewe na umeniokolea mimi nusu ya maneno. Lakini nitakwenda hata hivyo.

Nimevipanga vikaratasi kwa tarehe, viko mezani hapa ninapoandika. Siku ya kwanza kabisa ulizunguka kwa dakika moja na sekunde hamsini na mbili. Baada ya miaka miwili, baada ya jimu na kamba na mayai ya kuchemsha na filamu zote zile, mzunguko wako bora kuliko yote ulikuwa wa dakika moja na sekunde hamsini na moja. Niliupima mimi, siku ya mawingu, mwezi wa sita, na siku hiyo nilikuandikia arobaini na sita, kwa hiyo hukuwahi kuuona wala kuushangilia. Zile sekunde nane za kutoka hamsini na moja hadi arobaini na tatu zilikuwa zangu. Hiyo sekunde moja, kaka, uliipata mwenyewe, na mimi nilikuibia.

Mama anasema ufanye mazoezi ya vidole kama daktari alivyoagiza. Sijamwambia chochote bado. Nitamwambia Ijumaa, na unajua itakavyokuwa. Nisalimie Shangazi, mwambie mashuka aliyoniomba nitampelekea nikipata nafasi. Jirani wa gari jekundu anakuulizia kila akinikuta njiani, na anauliza kwa moyo safi.

Nakutakia kupona kwema.

Ni mimi, mdogo wako wa tumbo moja.