Sifuri Iliyonyamazisha King'ora

Mheshimiwa Mshauri,

Nakuandikia kwa sababu muuguzi asiye na hatia yu karibu kufukuzwa kazi kwa kosa nililolitenda mimi, nami sijafungua kinywa. Mimi ni mhitimu wa uhandisi wa kompyuta, nimeajiriwa katika karakana inayounda mashine za kuingiza dawa mishipani, na kazi yangu ya kwanza ilikuwa kubana programu itoshe katika kumbukumbu ndogo ya mashine, ambayo, kwa kuieleza kwa wepesi, ni safu ya vyumba vilivyopangwa ukuta kwa ukuta, nami kwa kutaka kuonekana hodari nikaliondoa pengo lililokuwa kati ya vyumba ishirini na vinne vya jina la mgonjwa na chumba cha king'ora, nikapongezwa mbele ya wenzangu, bila kukumbuka kwamba mashine hufunga kila jina kwa sifuri, hivyo jina lenye herufi ishirini na nne, ambao ndio mwisho unaoruhusiwa, huitupa sifuri hiyo katika chumba cha jirani, na sifuri ndani ya chumba cha king'ora ni amri ya kunyamaza.

Mwezi uliopita dawa ilikatika kwa bibi mmoja aliyelazwa, king'ora hakikulia, akafariki, na muuguzi wa zamu akasimamishwa kwa madai kwamba alikizima ili asisumbuliwe. Nililihesabu jina la marehemu pamoja na nafasi zake: ishirini na nne. Nikachapisha yaliyomo kwenye kumbukumbu ya mashine ile, nikampelekea mkuu wangu, naye akaikunja karatasi na kusema, "Kijana, mashine zetu zimepita ukaguzi. Huyo dada atapata kazi kwingine. Wewe utaipata wapi?" Mama yangu amekwisha kuwatangazia majirani wote kwamba mwanawe ni mhandisi. Kikao cha kumwamulia muuguzi ni Alhamisi. Nifanye nini ili nisimponze yeyote?

Mhandisi Mwenye Hofu

Mwanangu,

Jibu hili nimekusomea kwa simu kabla halijachapwa, maana barua yako si ya kungoja gazeti. Vyumba na sifuri umenieleza hadi mimi, nisiyeweza kuwasha kompyuta bila mjukuu, nimeelewa. Basi na kikao kitaelewa. Ila nilipokuuliza ni mashine ngapi zenye programu hiyo ziko wodini sasa hivi, ulisema, "Thelathini na moja, shangazi." Unataka usimponze yeyote, na mtu yuko kaburini tayari! Hofu yako naiona, na huyo mkuu wako hana haya. Lakini usinililie habari za majirani wa mama yako. Muuguzi naye ana mama.

Leo hii, kabla hujatia kitu tumboni, mpigie mganga mkuu wa hospitali. Mwambie majina yote yafupishwe yasifike herufi ishirini, na wauguzi wasiviamini ving'ora hivyo hadi mashine zibadilishwe. Kisha yaandike hayo hayo, utie jina lako kamili, siyo "Mwenye Hofu". Nakala ya karatasi ile usiilaze karakanani. Huenda ukafukuzwa, huenda ukashtakiwa, sitakudanganya. Wakili wa gazeti amekubali kukusikiliza, na atakwenda nawe kikaoni. Njoo na karatasi zako ofisini kwetu, Jumatano, saa mbili kamili asubuhi.