Najua Sauti ya Pili Tu

Mpendwa mshauri, pokea salamu zangu, naomba unisaidie maana nimebanwa na watu wanaonipenda. Mimi ni kinyozi, mke wangu alifariki mwaka jana, alikuwa mwanakwaya, na mimi sikuwahi kuwa mtu wa kanisa, kazi yangu ilikuwa kumsubiri nje ya geti na sweta lake mkononi. Alipofariki wale wanakwaya hawakuniacha, walimzika kwa nyimbo, wakanifulia hadi mapazia, na mpaka leo kila Alhamisi mmoja wao hunipitia kazini twende mazoezini nikakae nao, nami nashukuru hadi nakosa maneno.

Siku moja namnyoa mwalimu wao wa kwaya nikawa naimba chini chini wimbo mmoja wa kwaya yao, akanishika mkono akasema, "Baba, zima mashine kwanza. Hiyo ni sauti ya pili! Nani kakufundisha kuimba na kina mama?" Mimi nilidhani ndio wimbo wenyewe, mshauri, kumbe miaka yote nilijifunza kwa kumsikia mke wangu akiosha vyombo, akigonga mfuniko wa sufuria kushika mapigo, na nilichokijua ni kipande chake tu. Tulicheka sana.

Tangu hapo wananiita Mama Mdogo, na wamenipangia sauti ya nne pamoja na wanaume. Ila kwaya yao ina sharti, havai mtu sare kabla hajasimama mbele ya kanisa akamkiri Kristo kwa kinywa chake, na Jumapili hii ni zamu yangu. Mama mmoja wa sauti ya kwanza ananiambia, "Shemeji, sema tu, ni maneno mawili, mengine Mungu atamalizia." Sare wameshaishona. Mimi moyoni sijafika huko, sisemi sitafika, ila nikisema naamini nitakuwa namdanganya marehemu aliyeamini kweli, na nikikataa naogopa Alhamisi zangu zitakwisha. Nifanyeje?

Msubiri wa getini

Ndugu yangu wa getini,

Pole sana, na hongera kwa kuwa na watu wa kukufulia mapazia. Wengi wanaoniandikia hawana hata wa kuwagongea mlango.

Sasa nikuseme kidogo. Nani kakwambia watakufukuza? Watu waliokuja kwako ukiwa si mwanakwaya watakuachaje kwa kuwa bado si mwanakwaya? Hapo umewaonea. Na huyo mama wa maneno mawili mwambie nimesema aache. Sharti lao halikutengi. Kwao kuimba ni kusali, na sala haiigizwi. Mkeo aliyasema maneno hayo akiyamaanisha, ndiyo maana alitoka nayo kanisani hadi jikoni.

Kabla ya Jumapili, mkalishe mwalimu kwenye kiti chako, mfunge shuka asikimbie, umwambie: "Naheshimu sharti lenu, ndiyo sababu siwezi kulitimiza kwa uongo. Sare nitunzieni. Naomba nibaki na kiti changu cha Alhamisi." Usiombe kulegezewa. Na una watu wazima chumba kizima wanaoamini, hujawauliza hata swali moja! Waulize. Siku ukiamini utasimama bila kusukumwa. Siku hiyo ikichelewa, bado watakupitia kazini.

Ila ile sauti ya pili usiiache. Iimbe ukiosha vyombo, na mfuniko ugonge. Jikoni kwako hapaulizwi sare.