Koti la Baba Limebaki Hotelini

Nyumba za Wafanyakazi,
Nyuma ya Kiwanda cha Nguo,
Jumapili, 9 Juni

Mpendwa mdogo wangu,

Hujambo huko ugenini? Baridi imekuachia kidogo? Sisi tunapumua. Mama magoti bado yanamsumbua, wanangu wazima. Habari za Baba zinataka nafasi yake.

Mji wetu umefufuka. Barabara ina taa, maduka yamepakwa rangi, na kile kiwanda kilichofungwa wewe ukiwa bado shule ya msingi, sasa ni hoteli. Mimi mwenyewe natandika vitanda humo, kwa hiyo usidhani sina shukrani.

Unajua Baba alivyozilinda zile mashine za kufumia za kiwanda miaka yote, akizipaka mafuta, akifukuza wezi wa vyuma, majirani wakimwita Meneja kwa kumcheka. Wawekezaji walipokuja, alivaa koti lake la kazi akawapokea getini. Nyuma yao yaliingia malori ya chuma chakavu. Mashine zilikatwa vipande mbele ya macho yake. Waliacha moja tu, wakaichomelea isizunguke, wakaiweka katikati ya ukumbi wa kulia.

Wakamwajiri asimame kando yake.

"Nifume nini?" akauliza.

"Usifume, mzee. Simama tu, wageni wapige picha."

Akasimama. Mtaa mzima ulimpongeza.

Lakini kile kikohozi chake cha vumbi la pamba unakijua. Wageni walilalamika kinawatia kinyaa mezani. Meneja wa hoteli akamwita, akamwambia kwa adabu zote kwamba kazi imekwisha, ila koti libaki, ni pambo la ukumbi. Nilikuwa ngazini na mashuka mikononi. Baba alifungua vifungo polepole, akapita katikati ya meza na fulana yake iliyotoboka. Mgeni mmoja akampiga picha.

Nikaendelea kupanda ngazi na mashuka yangu. Nina watoto wa kulisha.

Sasa koti limevalishwa sanamu la plastiki, na kulipangusa vumbi ni kazi yangu. Juzi Mama akasema, "Angalau hilo sanamu halikohoi." Baba akacheka mpaka akakabwa na kikohozi, tukamshika mabega.

Anataka ukija likizo umpeleke pale kama mgeni, ale karibu na mashine yake. Sijamwambia kwamba mlinzi wa getini ameshapewa picha yake ili amzuie.

Msalimie mkeo na wale mapacha. Shangazi mshonaji na binamu kinyozi wanakusalimu sana. Mungu akufunike huko uliko, na akulainishie moyo wa bosi wako.

Ni mimi dada yako, akupendaye siku zote.