Mahali Baba Alipo

Albertville, Jumapili mchana

Mama yangu mpenzi,

Pokea salamu za mwanao Elia. Mguu wako umepona? Na huko Makobola mnalala nyumbani sasa, au bado mnakimbilia milimani? Mimi na Sifa tu wazima, ila nyumba hii ina ukimya nisioupenda. Kutwa nabeba magunia bandarini, na nikirudi sina wa kuongea naye ila huyu mtoto. Anacheka kama baba yake, mkono mdomoni. Mara nyingine nageuka nikidhani ni kaka Kashindi.

Mama, mshahara haufiki mwisho wa mwezi, na shule inataka sare na madaftari. Wenzangu wenye watoto wanapata pesa za serikali kwa kila mtoto, zile wanazoziita alokasyo. Nikaenda ofisini kumwandikisha Sifa. Karani akauliza kama nimemzaa mimi. Nikamwambia ni wa kaka yangu, mama yake alikufa akimzaa, kwa hiyo ni wangu. Akacheka kidogo. Kwake, baba mdogo si baba.

“Baba yake iko wapi?”

“Hatujue. Tangu waasi wapite, hatujamuona.”

“Kama hamujue, basi iko muzima. Leta karatasi kama alikufa, mama yenu atie kidole, ndiyo utalipwa.”

Akanipa karatasi yenyewe, bila ubaya. Nikizikosa pesa hizo itabidi nimrudishe Sifa kwako, na njia unaijua ilivyo sasa. Nami nitabaki naongea na kuta. Kwa hiyo jana nilikaa mezani niijaze, nikutumie utie kidole.

Kalamu ikanishinda. Nilikumbuka siku watu walipokuja na unga na maharage ya matanga, ukawarudisha na maharage yao, ukisema mwanao hajafa, amechelewa tu. Shangazi alinuna, maana alikuja na njaa yake. Mama, siku ile nilikuonea aibu. Nisamehe.

Sifa akaja, akaweka kidole kwenye mstari mmoja. Kifaransa hajui bado. Akauliza hapo wanauliza nini. Pameandikwa mahali baba alipofia. Nikamwambia wanauliza mahali baba alipo.

Akasema, “Andika iko Makobola, kwa nyanya. Akirudi, ni kule ataanzia.”

Nikaandika hivyo hivyo, kwa wino, na karatasi ikaharibika. Sitaomba nyingine. Kesho nitaomba zamu ya pili bandarini, na Sifa atabaki hapa.

Nisalimie shangazi, na ndagala zake za ziwani zikauke vizuri. Nisalimie mwalimu anayekusomea barua hii, asome polepole penye jina la Kashindi. Na Kashindi akifika, kabla hajala, mwambie mtoto wake yuko kwangu, yuko darasa la pili.

Ni mimi mwanao, baba mdogo wa Sifa,
Elia