Picha za Nyumba ya Shosho Rahab

Kitengela,
14 Agosti 2001.

Kwa kaka yangu Wangila,

Pokea salamu kutoka huku kwenye baridi na vumbi. Natumaini wewe, wifi na watoto mko salama, na kile kikohozi cha Morgan kimepoa. Mimi mwili uko sawa. Moyo ndio mgonjwa, na ni wewe umeuumiza.

Wacha nikukumbushe, maana wewe ni hodari wa kusahau. Mwezi wa tano ulikuja hapa studio ukaniambia Shosho Rahab, yule bibi mzee wa Kajiado, anataka nyumba yake ya zamani ipigwe picha za ndani, atumiwe binti yake aliye ng'ambo. Ukataka ziwe nyeusi na nyeupe, eti nyumba ya mbao ya siku za mkoloni inapendeza hivyo. Nikafurahi kama mjinga. Picha za vitambulisho zilikuwa zimenichosha, kaka.

Siku ile ukasema tutoe vitu nje ndio mwanga uingie vizuri. Tukatoa kitanda, sufuria, hata viatu vyake. Sisi wapiga picha hufanya hivyo kila siku, kwa hivyo sikushuku kitu. Shosho mwenyewe alibeba viti akicheka, kisha akatupikia chai. Jiko tu ndilo lilibaki ndani, makaa yakiwa mekundu. Lakini picha isiyo na rangi haijui wekundu. Kwenye karatasi yalitoka kama jivu la mwaka jana.

Jumatano iliyopita niliitwa kwa baraza la ardhi, nikakuta picha zangu zimetandazwa mezani. Kumbe uliwaambia wazee kwamba ile ploti ya Shosho ulinunua kwa mpwa wa marehemu mume wake, na kwamba nyumba ni gofu, hakuna mtu amelala humo miaka sita. Ushahidi wako ni picha zangu! Nilitamani ardhi inimeze. Shosho hakunigombeza. Aliniangalia tu, akasema, “Msichana wangu, si ulikunywa chai kwangu?”

Kikulacho ki nguoni mwako. Nilidhani hayo ni maneno ya kujibia mtihani. Ulinilipia karo mpaka fomu foo, kisha ukanitumia kumfukuza mjane kwake. Umenisaliti, Wangila, na sioni neno laini la kusema hivyo.

Sasa nami nitubu. Uliponiambia niandike nyuma ya picha kwamba nyumba niliikuta vile, nilijua ni uongo. Nilitia sahihi kwa sababu ni wewe, na sijazoea kukuuliza maswali. Hilo ni kosa langu, na nimemwambia Shosho kwa mdomo wangu.

Lakini kuna jambo hulijui. Asubuhi ile ulichelewa, na nikikungoja nilipiga picha sita za kujaribu kamera. Kitanda kimetandikwa, Shosho ameketi juu yake anafunga kitambaa kichwani, na ukutani kuna kalenda ya kanisa ya mwezi ule ule. Nilizisafisha jana kutoka kwenye negativu nilizobaki nazo. Jumatatu nitasimama mbele ya wazee nikiwa nazo, na nitasema ni nani aliamuru kitanda kitolewe. Nimeona heri uyasikie kwangu kwanza.

Mama nimemweleza yote. Aliniambia kwenye simu kwamba atapanda basi Jumapili kutoka Kimilili, aje akae kando ya Shosho.

Wabusu watoto kwa niaba yangu. Usiwafiche kwa nini shangazi haji Krismasi.

Ni mimi, bado dada yako,
Selpha Nelima