Mvua Anaijua Bi Mwanakheri, Sifa Napewa Mimi

Kimamba, Machi 1953

Mpendwa Mama Mshauri wa gazeti,

Shikamoo. Nina kalamu hii mkononi tangu Jumapili, naandika nafuta, naandika nachana, na leo nimeona bora nikuandikie hivyo hivyo maneno yanavyokuja, maana nina shukrani iliyonijaa mpaka inaniumiza na sijui niipeleke wapi, na usiponisaidia kabla mwezi huu haujaisha nitakuwa nimechelewa.

Mimi ni Mnyamwezi, nilikuja huku kwa mkataba, manamba kama wenzangu, nikaanza kwa kukata mkonge, na kwa kuwa nilisoma kidogo misheni nikafanywa nyapara wa uwanja wa kuanikia katani. Wewe uko Kilosa, kazi hii unaijua: katani ikitoka kwenye korona, ile mashine ya kukwangua majani ya mkonge, ni mbichi, inaoshwa, inatandazwa juu ya nyaya, na ikipata jua kali inakuwa nyeupe ya daraja la kwanza, lakini mvua ikiikuta pale inapata madoa, inateremshwa daraja, na bwana meneja siku hiyo haongei na mtu. Kwa hiyo kila alfajiri swali ni moja tu, tuanike au tusianike, na zamani tulikuwa tunakisia, tukipata tunashukuru, tukikosa tunafokewa.

Sasa nikutajie Bi Mwanakheri. Huyu ni mama mtu mzima, Msagara wa Lumuma kule milimani, yumo katika wanawake wanaotandaza katani, na kwa kuwa Wanyamwezi na Wasagara ni watani, mimi nikishamwamkia na yeye akishaitikia marahaba, basi yanafuata matusi mpaka uwanja mzima unacheka. Asubuhi moja ya masika ya mwaka juzi, mbingu safi haina hata wingu, aliniambia, "Mnyamwezi, leo ukianika utakuwa umemfulia mzungu katani yake mara mbili." Nikacheka, lakini nikamuuliza amejuaje, akanionyesha moshi wa treni pale stesheni jinsi ulivyolala juu ya reli badala ya kupanda, kisha akachukua uzi mmoja wa katani ya jana akaupitisha juu ya mdomo wake, akasema umeshakunywa unyevu, hauchomi tena. Nikaenda kwa bwana nikamwambia leo tusianike, akaniuliza kwa nini, nikasema nimeona. Akasimamisha korona, watu wakapelekwa kupalilia, na saa nane mchana ikashuka mvua ambayo watu wa mashamba ya jirani hawajaisahau mpaka leo. Bwana alinishika mkono mbele ya makarani wote. Sikumtaja Bi Mwanakheri, Mama, sijui kwa nini, neno lilikuwa mdomoni likakwama, na kesho yake likawa gumu zaidi, na kesho kutwa likawa haliwezekani.

Tangu hapo kila alfajiri napita kwake, tunatukanana, na ndani ya matusi ananipa siku yangu. Akisema upepo wa upande wa Mikumi umekuja mkavu, naenda kumwambia bwana tuanike yote, na jua linawaka siku tatu mfululizo. Akisema milima ya kwao imevaa kilemba cha mawingu, tunafunga kazi. Mara moja au mbili amekosea, basi. Bwana meneja anatoka nchi ya milima na theluji, na siku moja alinikalisha akanieleza kwamba kwao watu hujifunga mbao ndefu miguuni wakateleza kutoka mlimani kwa raha tu, ila raha hiyo haipatikani kila siku, mpaka theluji mpya iwe imeanguka bila upepo na baridi iwe imeishika vizuri, ndipo inakuwa laini kama unga wa muhogo, na kijijini kwao alikuwepo mzee mmoja mchunga ng'ombe aliyeijua siku hiyo kabla haijafika, akisema kesho, watu wanaacha kazi zao wanapanda mlimani. Bwana akaniambia jina la mzee huyo, akasema hata watoto wa leo wanalijua, na akasema mimi ni kama yeye. Nilitazama viatu vyangu.

Nimepewa koti, nimepewa nyumba ya bati, na sasa bwana anataka kunipeleka Dar es Salaam kwenye ofisi ya hali ya hewa nikafundishwe vyombo. Hayo yote yametoka kwa Bi Mwanakheri, namshukuru nikiamka, namshukuru nikila, Jumapili namwombea kwa jina ingawa yeye ni Mwislamu, Mungu anajua. Lakini wiki iliyopita ofisi imeamua kupunguza wanawake wenye umri mkubwa uwanjani, na orodha nimepewa mimi niisome mbele ya watu siku ya mwisho wa mwezi, na jina lake ni la nne.

Nikimtaja kwa bwana, ataniona mwongo wa miaka miwili, naweza kurudishwa Tabora na mke wangu Sesilia ana mimba ya miezi saba. Sesilia anasema nimnunulie Bi Mwanakheri doti ya khanga nzuri na gunia la mchele, nimpe kimya kimya siku anayoondoka, na Mungu ataelewa. Mimi nami nimekuwa nikijitetea moyoni kwamba yeye ni mtani wangu, na mtani akikuchukulia kuku huna ruhusa ya kununa, basi na mimi nimechukua cha mtani. Lakini mbona silali vizuri? Nisaidie, Mama, khanga zinatosha?

Wako mwenye shukrani,
Vitalis

JIBU

Marahaba, mwanangu Vitalis.

Hazitoshi. Nimeanza na hilo ili usisome barua yote ukilitafuta.

Wewe si mtu mbaya. Watu wabaya hawaandiki kurasa nne kuhusu mama anayetandaza katani. Umeshikwa na neno moja la asubuhi moja, na neno dogo likishakaa miaka miwili linaota mizizi, najua, na mimi ninayo yangu. Nakuonea huruma, na Sesilia nampa pole ya mimba na jua hili la Kimamba. Huruma yangu imeishia hapo.

Tuanze na huo utani unaojifichia. Mimi nimezaliwa Kilosa, mama yangu Msagara, na Wanyamwezi wamechukua kuku wa nyumbani kwetu tangu sijaota meno. Wanakuja mchana. Wanakuja na kelele, majirani wote wanatoka kuangalia, kuku anapigwa mbio uani, na bibi yangu anawatukana huku anacheka mpaka anashika mbavu. Je, umewahi kuona mtani anayechukua kuku kimya, akampeleka kwa mzungu, akasema huyu nimemfuga mwenyewe? Huo si utani, Vitalis. Kwenu Tabora mnauita nini? Sisi huku tunauita wizi, na wewe ulilijua hilo, ndiyo maana hulali.

Halafu nikuulize. Mama anayenusa mvua ya saa nane tangu alfajiri, unadhani hajanusa koti lako limetoka wapi? Anajua. Amejua tangu siku uliyoshikwa mkono. Kila asubuhi anakupa siku yako akijua unakoipeleka, na anakupa hata hivyo, kwa sababu wewe ni mtani wake na anakupenda, na pengine anangoja aone utaamka lini. Usiende kwake ukijidanganya kwamba unampa habari mpya.

Yule mzee wa theluji wa bwana wako anajulikana kwa jina kwa sababu ndogo sana: alisema mwenyewe, kwa mdomo wake, mbele ya watu waliopanda mlima. Hakuwepo nyapara wa kumbebea maneno.

Unamwogopa meneja. Sawa, na mimi ningemwogopa. Lakini fikiri kidogo kama mtu aliyesoma. Bi Mwanakheri akiondoka mwisho wa mwezi, masika ndiyo kwanza yanaanza, na wewe utasimama mbele ya bwana huyo huyo kila alfajiri huna hata uzi mmoja wa kukuongoza. Utakisia. Utakosea wiki ya kwanza, na hapo utafukuzwa kwa uongo na kwa katani pia. Na huko Dar es Salaam ndiko usikuguse kabisa, watakuuliza umejuaje na utatazama viatu vyako tena.

Sasa sikiliza la kufanya. Usingoje siku ya orodha. Asubuhi ya kwanza baada ya kulisoma gazeti hili, pita kwa Bi Mwanakheri kama kawaida, mwamkie, tukananeni. Usimwombe radhi pembeni, maana radhi ya pembeni ni kama zile khanga zenu. Ngoja watu wakusanyike kwa kuhesabiwa na bwana aje na swali lake la tuanike au tusianike. Mbele ya makarani, mbele ya wanawake wote wa uwanja, umjibu: "Bwana, mimi sijui, na sijapata kujua. Miaka miwili nimekuwa nakuletea maneno ya mama huyu." Umtaje kwa jina lake lote na kwao Lumuma.

Bwana akikasirika, mwache akasirike. Akitaka koti, vua, na Bi Mwanakheri akilinyakua kabla yake, usilalamike, hiyo ni haki ya mtani na uwanja utacheka, na kicheko kitakusaidia kuliko maneno yangu yote. Bwana akiuliza utabaki kufanya nini, mwambie ukweli, kwamba mama anajua lakini haandiki, na wewe unaandika lakini hujui. Ombeni daftari moja. Aseme yeye, uandike wewe, siku na upepo na moshi na mvua, na jina lake juu ya kila ukurasa. Meneja mwenye akili atalifuta jina la nne kwenye orodha bila kuombwa. Kama hana akili, utakuwa umerudi Tabora ukiwa mtu mzima, na mikono iliyokata mkonge bado unayo. Mtoto wenu anaweza kuzaliwa huko vilevile.

Na jambo la mwisho. Barua yako imejaa shukrani, umemshukuru ukiamka, ukila, na kanisani, na sasa umenishukuru mimi, ambaye sijakukinga na mvua hata siku moja. Nimeisoma mara tatu nikitafuta siku uliyomwambia yeye. Sikuiona. Kwa hiyo ukishamaliza kusema na bwana, mgeukie, mwambie asante kwa sauti ya kusikika mpaka kwenye korona. Itakuwa mara yake ya kwanza kuisikia.