Kabla Milango ya Farasi Haijafunguka

Redcar,
Jumanne asubuhi.

Mdogo wangu mpendwa Geoff,

Pokea salamu zangu kutoka meza ya jikoni, nikitumaini barua hii itakukuta umeamka vizuri, mgongo umetulia, na upepo wa huko Orkney haujakubebea tena bati la banda. Sisi hatujambo, kiasi chetu. Ron anakusalimu sana. Kifua bado kinamkoromea lakini haachi kwenda kwenye kibustani chake, na vitunguu vyake vya liki vimenenepa kuliko kifundo cha mguu wangu, anasema kikombe cha maonyesho ya mwaka huu asije mtu akamwambia kitu. Craig anakusalimu, amesema nimwambie mjomba kwamba yupo. Bibi Hodgson wa nyumba ya pili anakusalimu, nyonga mpya imemkubali na sasa anatembea haraka kuliko maneno yake, jambo ambalo hatukulitegemea. Hata mbwa wetu Tess anakusalimu kwa mkia. Amezeeka, hapandi ngazi tena, amelala juu ya miguu yangu ninapoandika.

Na wewe je? Tangu mkeo Moira atutoke sijamenya kiazi bila kuwaza unakula nini huko peke yako. Usiniambie supu ya kopo.

Kadi yako ilifika Alhamisi. Nilifurahi kuona mwandiko wako, kisha nikasoma, nikakaa chini. Unasema binti wa posta alikuonyesha ile video kwenye simu yake, ukamwona dada yako amekaa kitako, nywele zimetengenezwa, anasema kozi ya Bwana Dominic imeigeuza nyumba yetu. Unasema kama Brenda amesema basi imetosha, kwa sababu Brenda hajawahi kukudanganya. Unataka kuwauza kondoo wote mnadani ulipie kozi, ujifunze kufanya biashara ya farasi ukiwa kwenye kiti chako, maana kulala zizini wakati wa kuzaa kumekushinda na mgongo huo.

Geoff, usiwauze bado. Soma kwanza mpaka mwisho, wala usirukeruke kurasa kama ulivyozoea.

Wajua kiwanda cha chuma kilipofungwa Craig alirudi kwetu na mabegi yake mawili. Akaendesha gari la vifurushi, mgongo ukakataa, akakaa. Ndipo mwenzake mmoja akamwonyesha hili soko la farasi la kwenye kompyuta. Mimi nilidhani ni kamari ya kawaida, ya mtu kwenda dukani akamwekea farasi pesa kwa kuwa amependa jina. Akacheka, akasema, "Mama, ile ni ya wazee. Sisi tunauziana bei tu, kama watu wa gulioni." Alivyonieleza ni hivi: kabla mbio hazijaanza bei ya kila farasi inapanda na kushuka, basi wewe unaingia bei ikiwa nzuri, inasogea kidogo, unatoka, umebaki na kifaida. Farasi akishinda au akianguka si shughuli yako, wewe umeshaondoka. Nikaona ina akili. Wajua niliacha shule kwenda kupanga biskuti kwenye makopo, lakini hilo nililielewa.

Mwanzoni alikuwa akipoteza, akipiga meza na kutukana farasi kwa majina yao. Ndipo akampata Dominic. Huyu Dominic ni mtu wa miaka arobaini hivi, meno mazuri, anakuita kwa jina lako kila baada ya maneno matatu. Kozi yake ina masomo ya kwenye kompyuta, mikutano ya Jumapili kwenye hoteli ya Middlesbrough, na bei yake ungenunua gari dogo la mtumba. Tulilipa sisi, Ron na mimi. Sijuti kumsaidia mwanangu, nakueleza tu ilivyokuwa.

Na sisemi kwamba hakufundishwa kitu, nisije nikamsingizia mtu. Alifundishwa. Aliandika, alikariri, alijua kusoma zile namba zinazokimbia kwenye kioo kama mimi ninavyosoma bei za nyama. Juu ya yote alifundishwa amri moja, ameibandika ukutani kwa herufi kubwa: utoke kabla milango ya farasi haijafunguka. Mbio zikianza uwe nje. Ukibaki ndani, wewe si mfanyabiashara tena, ni mtu wa kuombea farasi.

Nyumba nzima ikaanza kuishi kwa saa za farasi. Tangu saa saba mchana mpaka saa kumi na moja siruhusiwi kuwasha maikrowevu, eti inamkatia mtandao. Siruhusiwi kupiga fyagio la umeme, wala kupokea simu, wala kumwita Tess kwa sauti. Ron akahamia kibustani na chupa ya chai. Siku moja nilimuuliza kama haoni baridi, akanijibu, "Mke wangu, kule liki haziniambii nyamaza. Humu siku hizi hata kikohozi nakohoa kwa kibali." Tukacheka, kwa sauti ya chini.

Je, kozi ilimsaidia? Hilo ndilo unaloniuliza, na mimi ndiye ninayekaa huku chini ya chumba chake, kwa hiyo nitakujibu mimi. Kabla ya kozi mwanangu alikuwa anapoteza kwa kelele. Baada ya kozi akawa anapoteza kimyakimya, na ana jina la kila namna ya kupoteza. Kuna siku alishinda, ndiyo, tukala parmo ya kuku na jibini pamoja na chipsi, tukashukuru. Lakini nilimsikia akizungumza na wenzake wa kozi, na wote walikuwa wameona alama ile ile kwa farasi yule yule dakika ile ile, kwa kuwa wamefundishwa na mtu mmoja. Wote wameingia kwa pamoja, na wote wanataka kutoka kwa pamoja. Ron akauliza wakati wa chakula, "Sasa nikileta liki sokoni na kila mtu sokoni ameleta liki, nani mnunuzi?" Craig akasema, "Baba, wewe huelewi soko." Ron akasema, "Sawa, nipe chumvi."

Kisha kuna ile siku ya farasi wa kijivu. Nilimpandishia chai, nikasahau kuwa ni saa za mbio. Kwenye kioo farasi wote wameshaingia kwenye vile vyumba vyembamba vya kuanzia mbio isipokuwa huyo wa kijivu, anasukumwa matako na watu wanne, hataki. Bei yake ikawa inakwenda kombo. Craig alitakiwa atoke, hata mimi nilijua, amri iko mbele ya macho yake ukutani. Nikamwona anaondoa mikono kwenye kibodi, akaiweka chini ya mapaja, akaikalia. Kama alivyokuwa akifanya shuleni aking'ata kucha, unakumbuka, mwalimu alimwambia aikalie. Yule farasi akaingia, milango ikafunguka, na mwanangu yumo ndani bado, ameikalia mikono yake, midomo inacheza. Sikuuliza farasi alifika wa ngapi. Niliiweka chai nikashuka.

Baadaye nilimuuliza kwa upole kwa nini, na amri unaijua. Akasema, "Mama, kuijua naijua. Naweza kukufundisha wewe sasa hivi na ukapita mtihani. Ila ikifika pale mkono hautoki." Nilimwambia basi aache. Akanitazama kama mtu aliyeambiwa aache kuwa na miguu.

Nilitegemea Dominic angemfukuza. Badala yake alikuja hapa nyumbani na keki, akamwambia wewe Craig unajua kueleza, watu wanakupenda, njoo unisaidie kufundisha. Ndiyo, Geoff. Sasa mpwa wako ndiye anayewaambia watu watoke kabla milango haijafunguka. Nilimuuliza Dominic, nikimkatia keki yake mwenyewe, yeye binafsi aliingia sokoni lini mara ya mwisho. Akacheka vizuri, akasema, "Brenda, muda wangu wote, Brenda, ni wa wanafunzi."

Na ile video ilirekodiwa nyumbani kwa Dominic. Ulisema umependa jiko langu jipya. Jiko langu ni lile lile, kabati la chini bado limefungwa kwa kamba. Nywele alitengeneza mkewe. Maneno niliandikiwa kwenye karatasi kubwa nyuma ya kamera, na Craig alisimama kando ya karatasi akinitazama, amevaa shati la kazi alilopiga pasi mwenyewe. Miaka mingapi sijamwona amepiga pasi. Nikasoma maneno yote mpaka mwisho, nikatabasamu pale nilipoambiwa nitabasamu.

Wiki mbili zilizopita nilikuwa kwenye foleni ya samaki, mama mmoja akanigeukia. Amevaa nadhifu, nesi mstaafu. Akasema, "Samahani dada, si wewe yule mama wa video?" Nikasema ndiyo, nikijiona maarufu. Akasema alijiunga kwa sababu yangu. Mume alimkataza, yeye akamwonyesha uso wangu, akamwambia huyu hawezi kudanganya, mtazame. Nikamuuliza inamwendeaje. Akasema, "Bado najifunza." Geoff, alisema kwa sauti ile ile ya Craig. Zamu yangu ikaitwa, nikampisha aliye nyuma yangu.

Sasa nakuambia lililonifanya nianze barua hii mara tatu na kuichana. Barua hii nimeombwa kuiandika. Craig ndiye aliyeninunulia karatasi na stempu, kwa kuwa anajua huwasikilizi watu wa simu. Jina lako amelipeleka yeye kwa Dominic. Kwa kila mtu anayejiunga kupitia kwake, Craig anapata fungu, na fungu hilo ndilo analoishi nalo sasa, maana sokoni hana kitu tena, na bado anaingia kila mchana. Asipoleta mtu mwezi huu Dominic amesema nafasi yake atapewa mwingine. Amebakiwa na mtu mmoja tu wa kumtegemea, na ni wewe na kondoo wako. Aliniambia, "Mama, mwandikie mjomba maneno mazuri, wewe anakuamini." Hakusema kwa ubaya. Alisema akiwa ameikalia mikono.

Hivi ninavyoandika ameshapita hapa jikoni, ameona kurasa, amenibusu kichwani akasema asante. Anadhani nakushawishi.

Kwa hiyo mimi nimebanwa katikati. Nikikuacha ulipe, mwanangu atabaki kule juu na wewe utakaa huko bila kondoo, ukitazama namba. Nikikuzuia, nimemnyang'anya kile kimoja kinachomwamsha asubuhi akapiga pasi shati. Nimeshindwa kumwambia Craig usoni. Hata Ron hajui kuhusu jina lako, angepanda zile ngazi na kifua chake kile.

Jumamosi Dominic anarudi na kamera. Anataka video ya pili, safari hii hapa kwangu, kamba ya kabati itaondolewa. Nikifunga macho namwona yule nesi. Najua nitakavyokuwa: Craig atasimama kando ya ile karatasi ananitazama, nami nitasoma. Nimejipima, sitaweza kukataa nikiwa na macho yake mbele yangu. Njia pekee ni asiwepo.

Ndipo ninapokuomba. Kondoo wako wanaanza kuzaa mwisho wa mwezi, wiki hii hii. Mpigie Craig, si mimi, umwambie mgongo umekulaza kabisa, huwezi kuinama, unamhitaji mtu wa kukuzalishia na humwamini mgeni. Usimwambie kuwa nimekuambia. Atasema ana kazi. Mwambie siku chache tu, ila asafiri Ijumaa. Hatakataa, Geoff, hajawahi kumkatalia mtu aliyelala chini, na umewahi kunisimulia mwenyewe kuwa huko kwako mtandao unashika juu ya kilima tu, tena siku isiyo na upepo. Kondoo akikwama kuzaa anataka mikono yote miwili, haina nafasi ya kukaliwa. Mimi siku ya Jumamosi nitafungua mlango, nitampa Dominic chai, na nadhani kwa Dominic peke yake naweza kusema hapana.

Craig akiuliza umeamua nini kuhusu kozi, mjibu utakavyoona wewe, mkiwa wawili, nje, na kazi mkononi. Mimi sina ujasiri huo. Na akinichukia, nimeridhika anichukie akiwa Orkney.

Ron atakusalimu tena akirudi, Bibi Hodgson pia, ukimpa nafasi. Mfikishie salamu binti wa posta, mwambie yule mama wa video si mbaya, ila asimwamini. Kula vizuri. Funga bati.

Imebaki robo saa kufika saa saba, mbio ya kwanza, lazima nizime redio. Barua nitaipeleka posta mwenyewe, nimwambie Craig namtembeza Tess, nayo italipiwa ya haraka, ikufikie Alhamisi. Ukiimaliza tu, kabla hujavua buti, nyanyua simu umpigie. Piga mchana, saa za mbio. Akiiacha kompyuta akapokea, nitasikia kutoka huku chini kiti chake kinasogea, nami nitajua.

Ni mimi dada yako akupendaye,
Brenda Pallister